Wakili na Diwani

Katika maneno ambayo Bahari ya Hindi imeyachukua kutoka pwani moja na kuyashusha katika pwani nyingine, yako mawili yafaayo kutazamwa pamoja. La kwanza ni wakili. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni mtu aliyekabidhiwa jambo la mwenziwe alisimamie kana kwamba ni lake. Kiswahili kililipokea kwa maana hiyo pana: mwenye shamba alikuwa na wakili wa kumwangalizia mazao yake, mfanya biashara alikuwa na wakili katika bandari ya mbali, na mshtakiwa ana wakili wake mbele ya hakimu. Kigujarati nacho kililipokea likawa vakil, likabanwa zaidi na mambo ya mahakama. La pili ni diwani. Katika Mrima diwani alikuwa mkubwa wa mji, mwenye viti na heshima zake. Siku hizi ni mtu aliyechaguliwa na watu wa kata yake akae katika baraza. Huko India diwani alikuwa waziri wa mfalme au wa nawabu. Mtu wa Bagamoyo na mtu wa Ahmedabad waweza kukaa kibarazani wakayatamka maneno haya mawili bila ya mkalimani, ingawa hawatakubaliana sana juu ya maana zake.

Maneno hayo yazaa swali. Wema umfanyao mtu kuwa wakili mzuri, je, ndio umfanyao kuwa diwani mzuri? Ulimwengu wa leo umejibu swali hili kwa matendo kabla ya kulifikiri, maana mabaraza na mabunge ya nchi nyingi yamejaa wanasheria. Hudhaniwa ya kuwa aliyezoea kusema kwa niaba ya mtu mmoja ataweza kusema kwa niaba ya watu elfu, kama vile aliyezoea kubeba pishi moja ya mchele anavyoweza kujaribu gunia. Lakini pishi na gunia ni mchele ule ule. Mteja mmoja na mji mzima si kitu kimoja, na huenda tofauti yao si ya uzito peke yake.

Kwa kuwa fikira isiyo na mfano huelea, yafaa kumtazama mtu mmoja aliyepita njia hiyo wazi wazi, kutoka uwakili wa mji mdogo mpaka kiti cha rais wa baraza la mji mkubwa. Mtu huyo ni Vallabhbhai Patel. Walimwengu humjua kwa mambo ya mwisho wa maisha yake: Naibu Waziri Mkuu wa kwanza wa India huru, aliyeziingiza katika dola moja tawala za wafalme zaidi ya 500. Mambo hayo yameandikwa sana. Hapa yatakayotazamwa ni yale yaliyotangulia, ya mahakama na ya mitaro ya maji machafu, kwa sababu hapo ndipo swali lilipo.

Vallabhbhai alizaliwa Nadiad katika wilaya ya Kheda, na tarehe iliyoandikwa katika vitabu vya shule ni 31 Oktoba 1875. Kwao hasa ni kijiji cha Karamsad, katika nchi ya Charotar, nchi ya wakulima wenye ardhi yao wenyewe na wenye kuionea ardhi hiyo wivu mkubwa. Watu wa Afrika ya Mashariki waijua Charotar, pengine bila ya kulijua jina lake, kwa kuwa wengi miongoni mwa akina Patel waliofungua maduka na kushika kalamu za ukarani katika Kampala, Nairobi na Dar es Salaam walitoka katika vijiji hivyo. Vallabhbhai alimaliza mtihani wa shule akiwa na umri wa miaka 22 hivi, umri ambao wenzake wa matajiri walikwisha kutoka chuoni. Fedha za chuo hakuwa nazo. Aliazima vitabu vya sheria, akasoma peke yake, na mwaka 1900 akapata cheti cha uwakili wa wilaya. Akafungua ofisi Godhra, kisha Borsad.

Sifa yake ilikuwa katika kesi za jinai, na hapana budi kusema neno juu ya kazi hiyo, maana mtu wa kawaida huishuku. Humwona wakili wa jinai kuwa mtu aukodishaye ulimi wake: leo amemtetea mwizi, kesho atamtetea aliyeibiwa, na kwa wote wawili sauti yake imetetemeka kwa uchungu ule ule. Shutuma hii ina ukweli ndani yake lakini haikufika mwisho. Wakili atimizaye wajibu wake hasemi uongo; husema nusu ya kweli, na sheria yenyewe ndiyo iliyomwamuru aseme nusu hiyo tu, kwa kuwa nusu ya pili ina msemaji wake, na juu ya wasemaji wote wawili yuko aliyekaa kupima. Upendeleo wa wakili hauwi dhambi kwa sababu nyumba nzima ya mahakama imejengwa ili kuuzuia usidhuru. Akiondoka ndani ya nyumba hiyo, akaenda na upendeleo wake mahali pasipo na msemaji wa pili wala mpimaji, jambo lenyewe limekwisha kubadilika hata kama maneno yake ni yale yale.

Mwaka 1909 lilimpata jambo ambalo kila aandikaye maisha yake hulisimulia. Mkewe, Jhaverba, alikuwa Bombay amepasuliwa kwa ajili ya saratani. Vallabhbhai alirudi kwenye kazi yake, na siku moja, akiwa mahakamani anamhoji shahidi katika kesi ya mauaji, akaletewa karatasi ya simu. Akaisoma, akaitia mfukoni, akaendelea kumhoji shahidi mpaka akamaliza. Shughuli ya mahakama ilipokwisha ndipo wenziwe walipoambiwa ya kuwa mkewe amefariki. Yeye alikuwa na umri wa miaka 33. Binti yake Maniben na mwanawe Dahyabhai walikuwa watoto wadogo. Hakuoa tena mpaka alipokufa.

Kisa hiki husimuliwa kwa watoto wa shule kuwa ni mfano wa wajibu, na watoto hao, kwa kuwa ni watoto, hukisikiliza wakashangaa tu. Mtu mzima hana budi kuuliza zaidi. Wako wasemao ya kuwa huo ni ugumu wa moyo uliovikwa nguo ya wajibu. Hukumu hii ni nyepesi mno. Mshtakiwa katika kesi ya mauaji alikuwa katika hatari ya kamba. Hakuwa na kinywa kingine ila cha wakili wake, na mahojiano ya shahidi ni kama upasuaji: yakikatwa katikati huenda hayaungiki tena. Marehemu, kwa upande wake, hakuwa tena na haja ambayo saa mbili za mumewe zingeweza kuitimiza. Ukipima haja kwa haja, karatasi ilipaswa kukaa mfukoni. Wakili ni mtu aliyepewa amana, na amana hairudishwi katikati ya safari kwa sababu mchukuzi amefikwa na msiba.

Lakini hoja hiyo yathibitisha jambo moja tu, ya kuwa alitenda haki. Haithibitishi ya kuwa mtu awezaye kutenda haki kwa namna hiyo hakupungukiwa na kitu. Tena liko jambo ambalo wasimulizi hulipita mbio. Katika kisa chote Jhaverba hana neno hata moja. Twaambiwa ugonjwa wake na kifo chake, na kisha macho yetu yaelekezwa kwa mumewe. Ni mhusika mkubwa kuliko wote katika shauri lile, na ndiye pekee ambaye hayumo katika shauri. Yafaa jambo hili likumbukwe, maana litarudi.

Safari ya Uingereza haihitaji maneno mengi. Alikuwa amekwisha kujiwekea fedha za kwenda zamani, na majibu ya wenye meli yalipofika kwa jina la V. J. Patel, ndugu yake mkubwa Vithalbhai, ambaye herufi za jina lake zilikuwa zile zile, alimwomba atangulie yeye. Mdogo akakubali, akabaki akilisha jamaa. Hatimaye mwaka 1910 akaenda mwenyewe, akasoma sheria katika Middle Temple, London, akafaulu kwa heshima, na mwaka 1913 akarudi akafungua ofisi Ahmedabad. Alikuwa sasa mtu wa suti iliyoshonwa vizuri na lugha fupi kali, na jioni alicheza karata katika Gujarat Club. Gandhi alipofika klabuni hapo kuzungumza mwaka 1916, Patel hakuiacha karata yake. Akamfanyia mzaha rafiki yake G. V. Mavalankar, naye ni wakili, ya kuwa akienda kumsikiliza mtu yule ataulizwa kama ajua kuchambua mawe katika ngano. Mzaha huo ulikuwa wa mtu aliyeamini ya kuwa kazi ya akili na kazi ya mikono ni nchi mbili zisizopakana.

Mwaka uliofuata, 1917, aliingia katika baraza la mji wa Ahmedabad. Mji huo, uliojengwa na Sultani Ahmad Shah mwaka 1411, ulikuwa umekwisha kuwa mji wa viwanda vya nguo, na watu wake walisongamana ndani ya ukuta wa kale. Habari za maji na mitaro zilikuwa vita ya zamani pale. Ranchhodlal Chhotalal, mtu aliyeanzisha kiwanda cha kwanza cha nguo mwaka 1861, baadaye alipokuwa rais wa baraza aliusukuma mpango wa maji ya bomba na mitaro ya chini kwa chini, na wenye nyumba wakampinga kwa hasira, wengine kwa kuogopa kodi, wengine kwa kuamini ya kuwa uchafu wa nyumba ya mtu ni jambo la nyumba ya mtu. Si ajabu. Mtaro ni kitu kigumu kukitetea kwa ufasaha, kwa kuwa faida yake haionekani. Mgonjwa aliyepona humshukuru tabibu. Asiyeugua hana habari ya mtaro.

Kazi ya kwanza iliyomtambulisha Patel katika baraza ilikuwa ya kiwakili kabisa. Mkuu wa utendaji wa mji alikuwa ofisa wa Kiingereza aliyewekwa na serikali, asiyejali sana maneno ya madiwani. Patel alikusanya makosa yake moja moja, kwa tarehe na kwa hati, kama akusanyavyo mtu ushahidi, akayaweka mezani mpaka ofisa yule akaondolewa. Hapo sanaa ya zamani ilifaa bila ya kubadilishwa: alikuwako mshtakiwa, yalikuwako mashtaka, na hasimu alikuwa na nguvu za kutosha za kujitetea.

Lakini mwaka huo huo Patel alikuwa msimamizi wa kamati ya afya, na tauni ikaingia mjini. Mahakama zikafungwa, shule zikafungwa, wenye uwezo wakakimbia. Yeye hakuondoka. Alipita mitaani na kuangalia usafishaji wa mitaro na upulizaji wa dawa. Godhra, miaka mingi kabla yake, tauni ilikwisha kumpata baada ya kumwuguza rafiki yake, kwa hiyo haiwezekani kusema ya kuwa hakujua alichokuwa akikichezea. Na hapa ndipo wakili alipokutana kwa mara ya kwanza na jambo lisilo na mfano katika vitabu vyake. Tauni haina upande wa pili wa kuhojiwa. Mtaro nao hauwezi kuwa wa mteja mmoja: ukiusafisha mbele ya nyumba ya aliyekupigia kura ukauacha umeziba mbele ya jirani yake, maji yatarudi kwa wote wawili. Tena katika zama zile kura ya baraza ilikuwa ya walipa kodi na wenye mali. Wakaao katika vibanda, ambao ndio waliokuwa wakifa kwanza, hawakuwa wamemchagua mtu. Kwa maana ya sheria hawakuwa na wakili katika baraza, kwa kuwa hawakumkabidhi mtu jambo lao.

Hapo tofauti ya majina yale mawili yaanza kuonekana. Wakili hungoja. Mteja hupanda ngazi, hubisha mlango, huweka karatasi zake mezani, na uaminifu wa wakili huanza pale. Hana lawama kwa ajili ya mtu ambaye hakuja. Diwani akikaa hivyo, akingoja abishiwe hodi, atakuwa diwani wa wale wajuao mlango ulipo, wenye viatu vya kupandia ngazi na maneno ya kusema wakifika. Hao kwa kawaida ndio wasio na haja kubwa.

Hata hivyo isidhaniwe ya kuwa Patel aliacha uwakili akawa mtu mwingine. Mwaka 1918 mazao yalipoharibika Kheda, Gandhi alitafuta mtu wa kuacha shughuli zake zote akae na wakulima, na Patel akajitoa. Shauri lenyewe lilikuwa la kisheria mpaka katika mifupa yake. Kanuni za kodi ya ardhi zilisema ya kuwa mavuno yakipungua chini ya ana nne katika ana kumi na sita, yaani robo, mkulima ana haki ya kuahirishiwa kodi yote. Serikali ilisema mavuno yamepita kiasi hicho. Wakulima walisema hayakufika. Wanasheria wawili, waliosoma London wote wawili, walizunguka vijijini wakiuliza habari za mavuno na kuandika, na wakulima wakafundishwa kukataa kulipa kwa hoja, si kwa fujo. Mwezi wa Juni serikali ikakubali ya kuwa wasioweza kulipa wasidaiwe kwa nguvu. Mwaka 1920 Patel akaiacha kazi ya mahakama kabisa, akavua suti, akavaa kitambaa cha kusokotwa kwa mkono.

Ndipo lilipokuja shauri la shule za mji. Baraza la Ahmedabad, likifuata msimamo wa kutoshirikiana na serikali, lilikataa fedha zake na usimamizi wake katika shule za msingi. Serikali ikajibu mwezi wa Februari 1922 kwa kulisimamisha baraza lote na kuweka kamati yake. Ikawashtaki na madiwani pia, Patel miongoni mwao, warudishe fedha zilizotumiwa katika mgogoro huo. Na katika kesi hiyo serikali ikashindwa. Hivyo mtu aliyetetea washtakiwa kwa miaka mingi alikaa sasa upande wa mshtakiwa, na sheria aliyoikimbia ndiyo iliyomwokoa. Wapinzani wake wangeweza kucheka. Lakini liko swali zito kuliko kicheko, nalo ni kama diwani ana haki ya kuifanya shule ya mtoto kuwa silaha katika shauri kubwa, hata kama shauri hilo ni la haki. Patel aliona ya kuwa mji usiotawala shule zake hautawali kitu. Mzazi aliyetaka mwanawe apate cheti cha serikali mwaka ule aliona jambo jingine. Katika mahakama mzazi huyo angepewa msemaji. Katika baraza alikuwa na diwani yule yule aliyekwisha kuamua.

Uchaguzi uliporudishwa, Patel na wenziwe wakashinda, na kuanzia mwaka 1924 mpaka 1928 alikuwa rais wa baraza. Hiyo ndiyo miaka ambayo msomaji wa habari za mataifa huipitia haraka ili afike kwenye mambo makubwa, na hufanya makosa. Mabomba yakarefushwa, mitaro ikatengenezwa, mji ukapangiwa njia ya kukua ng'ambo ya mto Sabarmati, vitongoji vilivyosahauliwa vikaingizwa katika hesabu. Yasimuliwa ya kuwa yeye na wafuasi wake walishika mafagio wakafagia mitaa, wakianza na mtaa wa wale walioitwa wasiogusika, ambao kufagia ndiko kulikuwa riziki yao na fedheha yao. Yasimuliwa tena ya kuwa usiku wa mvua kubwa za Julai 1927, zilizoleta mafuriko Gujarati nzima, alitoka nyumbani akazunguka mjini kwa miguu kuangalia kama maji yanapita. Mtu aliyefanya mzaha juu ya mawe ya ngano alikuwa anachungulia mitaro usiku wa manane. Rais wa mji alikuwa na watumishi wa kwenda badala yake. Kwenda mwenyewe kulikuwa na maana moja tu, ya kuwa hakutaka kungoja habari ziletwe na wale wenye kuweza kuzileta.

Kama maisha yake ya siasa za mahali yangeishia hapo, jibu la swali lililoulizwa mwanzo lingekuwa jepesi: wakili alijifunza, akawa diwani. Lakini mwaka 1928 aliacha urais wa baraza, na mwaka huo huo akaitwa Bardoli, kusini ya Gujarati, ambako kodi ya ardhi ilikuwa imeongezwa kwa asilimia 22. Vita ile isiyo na silaha ndiyo iliyomfanya aitwe Sardar, yaani kiongozi, jina lililombandika milele. Wakulima wake walinyang'anywa ng'ombe na vyombo na mashamba, wasilipe. Na matakwa yao, ukiyasoma, yana alama ya mkono wa wakili: hawakudai kodi ifutwe, walidai uchunguzi usio na upendeleo. Serikali ikakubali mwishowe. Wachunguzi wawili wakawekwa, mmoja wao akiwa Broomfield, jaji yule yule aliyemhukumu Gandhi kifungo cha miaka sita katika Ahmedabad mwaka 1922. Na Bhulabhai Desai, mwanasheria mkubwa wa Bombay, akasimama kwa ajili ya wakulima. Uchunguzi ukaona ya kuwa nyongeza iliyostahili ilikuwa takriban asilimia 6 tu. Ushindi gani safi kuliko huo? Hakimu wa upande wa pili mwenyewe amekiri.

Lakini mashamba ya Bardoli hayakulimwa na wenye mashamba peke yao. Walikuwako watu waitwao Wadubla, ambao siku hizi huitwa Halpati, na wengi wao walikuwa mahali pa watumwa bila ya jina la utumwa. Kijana wa kwao alipotaka kuoa alikopa fedha za harusi kwa mwenye shamba, na kwa mkopo huo akawa hali wake: yeye alilima, mkewe akazoa samadi na kufanya kazi za nyumba, watoto wakachunga, na deni halikupungua, likarithiwa. Kodi ya serikali haikuwagusa, kwa kuwa hawakuwa na ardhi ya kutozwa kodi. Walisimama pamoja na mabwana zao katika vita ile, wengine kwa kutaka, wengine kwa kuwa mtu aliyefungwa hana pa kusimama pengine. Mashamba yakapimwa, mavuno yakahesabiwa, nyongeza ikashushwa. Deni la hali halikuwa miongoni mwa mambo yaliyoulizwa. Ni mhusika mkubwa wa shamba, na hayumo katika shauri la shamba.

Watetezi wa Patel wana jibu, na jibu lao halifai kudharauliwa. Husema ya kuwa nguvu ya Bardoli ilikuwa umoja. Ya kuwa siku ambayo jambo la mahali lingetiwa katika madai, wenye mashamba wangegawanyika, serikali ingeingia katika ufa huo, na wote wangeshindwa, hali akiwa wa kwanza. Husema pia ya kuwa mwishoni mwa miaka ya 1930 viongozi wa Congress, Patel akiwamo, walilileta jambo hilo mezani, wenye mashamba wa Bardoli wakaafikiana nao ya kuwa mahali waachiliwe na wapewe ujira. Mapatano yale yaliandikwa, lakini mtu asiye na ardhi wala akiba alirudi kwa bwana yule yule kukopa, na sheria ya kufuta utumwa wa deni katika India nzima haikutungwa mpaka mwaka 1976. Kuhusu miaka ya kabla yake, hoja ya umoja ni hoja sahihi kabisa ya kiwakili: hakuna wakili mwenye akili atiaye katika shauri jambo litakalolivunja. Huchagua madai yanayoweza kushinda, huyasafisha, huondoa kila kilicho kizito. Ndivyo alivyofundishwa, na kwa mteja wake ndiyo haki.

Shida ni ya kuwa wateja wa Bardoli walikuwa watu wa namna yake, wakulima wenye ardhi kama wa Karamsad, wenye kujua kubisha mlango. Walikuja kwake kwa ujumbe, wakamwomba. Wadubla hawakuja na ujumbe. Yafaa kumhukumu kwa upole hapa, kwa sababu mwanadamu yeyote husikia vizuri zaidi sauti inayofanana na ya baba yake. Lakini upole si kusema ya kuwa hapakuwa na kosa. Sanaa iliyomfundisha kukaza macho kwa shahidi mmoja, karatasi ya simu ikiwa mfukoni, ilimwezesha kushinda kesi ambayo watu wengine wasingeishinda. Na sanaa hiyo hiyo ndiyo iliyomwezesha asigeuze macho kando. Haiwezekani kuisifu katika jambo la kwanza na kudai haikuwamo katika la pili.

Mwaka 2018, tarehe 31 Oktoba, kando ya mto Narmada ilifunguliwa sanamu yake yenye urefu wa mita 182, ndefu kuliko sanamu zote za dunia siku hiyo. Baadhi ya watu wa vijiji vya jirani, wengi wao wa makabila yasiyo na sauti kubwa, walikuwa wakinung'unika juu ya ardhi waliyoipoteza katika kazi za mahali pale. Sanamu humwonyesha amesimama wima, mikono chini, anatazama mbele. Katika Ahmedabad ya mwaka 1917 alikuwa na umbo jingine: mtu wa umri wa makamo, mwenye suti ya London bado, ameinama juu ya mtaro ulioziba, katika kichochoro ambacho wakazi wake hawakumwita na hawakuwa na kura ya kumpa.